MASIKIO YA WAPIGA DISKO

Kila mwisho wa juma, katika kumbi na hoteli za pwani ya Unguja, kijana mpiga disko husimama kando ya spika hata usiku wa manane. Wachezaji huja usiku mmoja wakaondoka. Yeye hurudi kesho. Chembe za kusikia zikifa, hazioti tena.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango: sauti ukumbini isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na vizibo vya masikio vipatikane. Tunawashauri wakuu wanaotoa vibali walifanye hilo kuwa sharti, kwani kijana hawezi kumkatalia tajiri wake. Naye avae vizibo bila ya haya: sikio ndilo jembe lake.