Eti Mtoto Hana Mawazo

"Mtoto ana mawazo gani? Halipi kodi, hadaiwi mahari, ugali anaukuta umeiva." Maneno haya utayasikia hapa Nangwa, wilayani Hanang, mnadani, ndani ya basi la Katesh na hata kwenye chumba cha walimu. Husemwa kwa upole, kama faraja. Ni uongo, tena uongo unaotugharimu.

Mchukue binti wa kidato cha pili mwenye kifafa. Kila usiku anameza fenobabitoni. Asubuhi kichwa kizito, anasinzia kwenye kipindi cha hesabu, anaitwa mvivu. Akianguka paredi, wenzake wanakimbia povu, maana sisi wazazi ndio tuliowafundisha kwamba povu linaambukiza. (Haliambukizi. Halijawahi.) Bwenini kitanda cha jirani kinahama, jikoni kijiko chake kinatengwa. Huyo ndiye asiye na mawazo! Basi anaanza kuficha vidonge, kwa sababu kumeza mbele ya watu ni kujitangaza. Dozi inarukwa, kifafa kinamrudia kwa nguvu, nasi tunatikisa kichwa: dawa za hospitali zimeshindwa, apelekwe kwa mganga. Dawa ingeshindwaje na haikumezwa?

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba kuzunguka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Mbulu, walikuta mtu mmoja hivi mwenye kifafa katika kila 100. Sababu mojawapo ni tegu wa nguruwe. Tulipoambiwa tufungie nguruwe na tuchimbe vyoo, tulielewa. Tukiambiwa tukae na mtoto tumsikilize, tunacheka.

Hatukucheka Desemba 2023. Tope la Mlima Hanang liliposhuka tarehe 3 na kuua watu zaidi ya 80, wataalamu wa ustawi wa jamii walikuja kuzungumza na walionusurika, watoto wakiwamo. Hakuna aliyeuliza wana mawazo gani. Kumbe tunajua! Tunachotaka ni msiba uonekane kwa macho, utangazwe redioni. Wa kifafa, kisukari au selimundu unaorudi kila mwezi kitandani kwa mtoto mmoja hauhesabiki.

Wengine watasema ushauri nasaha ni anasa ya Wazungu. Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kuketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsikiliza. Washona wa huko wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Ugonjwa ule ule. Tofauti ni kwamba wao waliutengenezea benchi.

Nangwa mbao zipo, na bibi wapo. Mwalimu wa malezi naye yupo, ila kazi yake imegeuka kuwa kukamata watoro. Aanze leo na maswali mawili, faraghani, bila daftari mkononi: jana usiku ulimeza? Kama hukumeza, ulimwogopa nani?