Tusimsifu tu shofere wa Ngomo, tudai barabara

Kuna garaji moja huku Kadutu ambako ninapeleka gari yangu kila inaponisumbua. Juma lililopita niliwakuta mekanisiye na wateja wao wamezunguka telefoni moja, kazi imesimama. Walikuwa wanaangalia The Grand Tour, sehemu ya mwisho ya Waingereza watatu wanaojulikana hata huku kwetu: Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Sehemu hiyo ilitoka tarehe 13 Septemba 2024. Kijana mmoja aliipata, akawapa wengine, na sasa iko katika telefoni za nusu ya garaji.

Kwa asiyeifuata, habari ni fupi. Wanaume hao, ambao wamefanya vipindi vya magari pamoja kwa zaidi ya miaka 20, wanakatisha Zimbabwe na magari matatu ya zamani: Clarkson na Lancia Montecarlo, Hammond na Ford Capri ya lita 3, May na Triumph Stag. Wanachekana, magari yanawasumbua, wanayatengeneza, wanaendelea. Mwishoni wanafika Kubu, kisiwa cha mawe na mibuyu katikati ya jangwa la chumvi la Botswana, mahali walipopita mwaka 2007 wakiwa bado katika Top Gear. Hapo ndipo wanaagana na kazi.

Vijana wa garaji walishapita mambo ya machozi. Ubishi wao ulikuwa mwingine: kati ya magari yale matatu, ni ipi ingeweza kutoka Bukavu ikafika Uvira kwa kupita Ngomo?

Mabishano yalikuwa ya kitaalamu kweli. Mmoja alisema Stag isingefika hata nusu ya mlima, kwa sababu injini yake ya V8 inajulikana kwa kuchemka. Mwingine aliikataa Lancia: freni zake za mbele zinakaza upesi barabara ikilowa, na huu ni mwezi wa mvua. Wengi waliichagua Capri, kwa kuwa ni gari rahisi, na mekanisiye wa Kadutu angeweza kuifungua kwa funguo tatu na nyundo. Nilifurahi kuwasikiliza. Watu wanaodharau vipindi hivi waje wawasikilize vijana wetu wakieleza kwa nini injini inachemka. Si shule zetu zote zinazoweza kuwafundisha hivyo.

Lakini palikuwa papa mmoja, shofere wa kamio, amekaa juu ya tairi kuukuu akingoja freni zake zimalizike. Vijana wakamwuliza: Papa, wewe unaipanda Ngomo kila juma, unasemaje? Hakuchagua gari. Aliuliza tu: “Nyuma yao inakuja gari gani?”

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Kwani nyuma ya magari yale matatu daima kuna mengine. Kuna watu wa kamera, kuna mekanisiye, kuna piesi. Mwaka 2007 kule Botswana, adhabu ya yule ambaye gari yake ingekufa ilikuwa kuendelea na safari ndani ya Volkswagen Beetle, iliyokuwa ikiwafuata nyuma. Hammond alizamisha Opel Kadett yake mtoni, lakini ikatengenezwa, akaipenda hata akaipeleka Uingereza. Sisi tulicheka, na kicheko kilikuwa halali, kwa sababu tulijua hakuna atakayekufa. Ndiyo siri ya kipindi chenyewe: ni hatari ambayo imeshalipiwa.

Sasa tuje kwetu. Barabara ya taifa namba 5, kutoka Bukavu kwenda Uvira, ina kilomita zaidi ya 120. Inapopanda na kuteremka milima ya Ngomo, upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande mwingine ni bonde. Mvua ikinyesha, udongo unageuka sabuni. Nyuma ya kamio hakuna Beetle. Kuna konvwayeri, mara nyingi kijana wa umri wa kuwa shuleni, anakimbia kwa miguu na kipande cha mti mkononi, tayari kukiingiza chini ya gurudumu gari ikianza kurudi nyuma. Juu ya mizigo wamekaa mama wachuuzi na watoto wao. Hiyo ndiyo bima yetu.

Na mwenye uwezo hapiti hapo. Anavuka mpaka Ruzizi, anatembea kwa lami ya Rwanda hadi Bugarama, halafu anaingia tena Kongo kwa Kamanyola. Yaani ili kutoka mji mmoja wa Kivu ya Kusini kwenda mwingine, raia anapita nchi ya watu na analipia mpaka. Kamio ya ndakala za Tanganyika na mchele wa bonde la Ruzizi inabaki na Ngomo yake, na kila siku inayolala kwenye matope, mama wa soko la Kadutu anaiongeza kwenye bei.

Sisi tunafanya nini? Tunasifu. Video ya kamio inayoyumba Ngomo ikipita katika telefoni, tunaandika: shofere wetu ni simba, Mkongomani hashindwi. Wafaransa nao wana kipindi chao, Les Routes de l'impossible cha France 5, ambacho kimekuja mara nyingi kupiga picha barabara za Kongo, na watazamaji wanasema yale yale: ushujaa ulioje!

Mimi naona sifa hizo zimeanza kutudhuru. Ukimwita mtu shujaa kwa sababu amefika Uvira akiwa hai, umeshakubali kwamba kufika Uvira ni ushujaa. Huwezi tena kumwuliza mtu yeyote kwa nini. Na wa kuulizwa wapo. Tangu mwaka 2008 sheria ilianzisha FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Pesa zake zinatoka katika mafuta tunayonunua na katika peaji ambayo magari yanalipa barabarani. Kwa hiyo yule papa shofere analipa mara mbili: anapojaza tanki na anapofika kwenye kizuizi. Hajaomba sadaka. Ni mteja aliyelipa, na mzigo wake haujafika.

Wataniambia milima ya Ngomo ni migumu, na mvua ni ya Mungu. Kweli. Lakini lami ya upande wa pili wa Ruzizi inanyeshewa na mvua hiyo hiyo. Wataniambia pia: mwache kijana acheke, ni kipindi tu. Acheke. Mimi mwenyewe nilicheka. Ninachoomba ni kwamba tutakapoona video inayofuata ya Ngomo, mbele ya kuandika “simba”, tuandike swali: peaji ya mwaka huu katika jimbo letu imekuwa ngapi, na imetengeneza kilomita ngapi? Tuwaulize FONER, Office des Routes, na wabunge wetu wa jimbo wanapokuja kutusalimia. Tuulize kwa pamoja, na kila juma.

Wale Waingereza walifika Kubu wakachagua wenyewe kuacha. Papa wa Kadutu alirudisha telefoni ya vijana, akainama chini ya kamio kuangalia kama freni zimekaza sawasawa. Alikuwa na safari saa kumi ya usiku.