Kovu la Moyo Halifutwi kwa Manjano

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akirudi nyumbani, hakosi wa kumletea chupa: manjano, tangawizi, kitunguu saumu, limau na asali. Anywe asubuhi na jioni, moyo utajijenga upya. Imani hii ni ya uongo, na inaua.

Mshipa wa moyo ukiziba, msuli uliokosa damu huanza kufa kabla hata saa moja haijaisha. Palipokufa hubaki kovu gumu lisilosukuma damu. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walipima umri wa seli za moyo wa binadamu kwa kufuatilia kaboni iliyotawanywa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kijana wa miaka 25 hupata takriban asilimia 1 tu ya seli mpya za msuli wa moyo kwa mwaka. Mzee wa miaka 75 hafikii hata nusu ya hapo. Chupa itaotesha wapi kile ambacho mwili wenyewe umeshindwa?

Wauzaji husema manjano yamefanyiwa utafiti. Kweli, kurkumini, kiambata chake kinachosifiwa, imepunguza kovu katika mioyo ya panya wa maabara. Lakini kwa binadamu utumbo huifyonza kidogo mno. Nyingi hutoka na choo.

Sipingi kwamba miti ina dawa. Dijoksini, dawa ya moyo, imetokana na mmea wa jamii moja na ule ambao daktari Mwingereza, William Withering, aliuandikia kitabu mwaka 1785, akasisitiza kipimo kwa kuwa jani lile lile likizidi huua. Dijoksini ilipojaribiwa kwa wagonjwa 6,800 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi vizuri, matokeo ya mwaka 1997 yalionyesha kuwa ilipunguza kulazwa hospitali, haikupunguza vifo. Dawa za jamii hiyo ya mimea zimetumika zaidi ya karne mbili, na hata hizo hazijaotesha msuli.

Tangawizi kwenye chai haina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mgonjwa mwenye stenti, kibomba kinachoushikilia mshipa wa moyo wazi, aache "kemikali za hospitali". Stenti changa bila aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, inaweza kugandisha damu na kuziba ghafla. Mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 pale Samunge, Loliondo, Tanzania, kiliwafanya baadhi ya wagonjwa waache vidonge vyao. Hatukujifunza?

Kama una mgonjwa nyumbani, fungua mfuko wake wa dawa uhesabu vidonge. Ukikuta haviguswi, mrudishe kliniki leo. Chupa nayo ibebeni daktari aione, maana kitunguu saumu kingi juu ya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kinaweza kumfanya avuje damu.