Mashine ya Nyasi Iliyochoka Kutembea

Mashine ya kukatia nyasi ya aina ile inayojiendesha, ikishafanya kazi miaka mingi, hupatwa na ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi. Injini hunguruma kama kawaida, kisu hukata, lakini magurudumu hayana nguvu. Penye tambarare mashine hujikokota. Penye mwinuko husimama kabisa, na mwenye kuishika hulazimika kuisukuma kama mkokoteni uliojaa mawe.

Katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, ambako mvua huja kwa misimu miwili kila mwaka, nyasi hazimngojei mtu. Zikiachwa zirefuke karibu na milango ya nyumba, huwa maficho ya nyoka mahali wanapochezea watoto. Kwa hiyo mashine inapochoka, hukumu hutolewa kwa haraka: "Giaboksi imekufa." Fedha za nyumba hutolewa kununua kifaa cha bei kubwa, au mashine nzima hutupwa stoo, kumbe ugonjwa ulikuwa katika waya uliolegea tu. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Na katika mashine hii pembamba ni pengi kabla ya kuifikia giaboksi.

Njia ya nguvu

Yafaa kwanza ifahamike jinsi nguvu inavyosafiri. Injini huzungusha puli iliyo chini yake. Puli huvuta mkanda. Mkanda huzungusha giaboksi. Giaboksi huzungusha ekseli. Na mwishoni mwa ekseli gia ndogo husukuma meno yaliyo ndani ya gurudumu. Amri hutoka mkononi: wenzo ulio kwenye mpini ukibanwa, huvuta waya, na waya hukaza mkanda au hushikisha klachi iliyo ndani ya giaboksi. Pakilegea popote katika msafara huo, dalili ni ile ile moja, yaani magurudumu dhaifu. Ndiyo maana uchunguzi hauna budi kwenda kwa utaratibu, kuanzia kwenye vitu vya bei nafuu hata kufikia vya bei ghali.

Usalama kabla ya spana

Hakuna jambo hata moja katika haya lifanywalo injini ikiwa hai. Mashine izimwe, iachwe ipoe, kisha waya wa plagi uchomolewe na kuwekwa mbali na plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono huku waya huo ungali mahali pake, injini yaweza kuwaka ghafla, na vidole vilivyokatwa havinunuliwi dukani. Mfereji wa petroli ufungwe, au petroli iondolewe. Mashine inapolazwa, upande wa kabureta na chujio la hewa uelekee juu, ili oili isiingie humo. Kazi yote ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, na watoto wawekwe kando.

Injini au magurudumu?

Swali la kwanza ni kama udhaifu u katika magurudumu kweli. Ikiwa sauti ya injini hushuka na kukaribia kuzima kila wenzo unapobanwa, basi yafaa kuchunguza injini yenyewe: chujio lililojaa vumbi, kisu butu, au nyasi mbichi zilizoganda chini ya bodi. Lakini ikiwa injini haibadili sauti hata kidogo na mashine haiendi, ugonjwa uko katika njia ya magurudumu.

Jaribio jingine halihitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, wenzo wa kuendeshea ubanwe, na mashine ivutwe nyuma polepole. Katika aina nyingi, magurudumu ya kuendesha hugoma na kuburutwa. Yakizunguka kwa urahisi yote mawili, wenzo haushiki. Likizunguka moja tu huku likitoa sauti ya kugonga-gonga, meno ya upande huo yamelika.

Waya

Waya hurefuka kwa umri, na ala yake hushika kutu ndani. Wenzo hubanwa mpaka mwisho, lakini kule chini springi husogea kidogo tu. Mashine nyingi zina nati ya kurekebishia, karibu na mpini au karibu na giaboksi. Nati hiyo izungushwe nusu mzunguko, kisha mashine ijaribiwe. Haraka haina baraka hapa. Mpaka wake ni huu: wenzo ukiachiwa, magurudumu lazima yawe huru mara moja. Mashine inayoendelea kutambaa yenyewe baada ya kuachiwa imekazwa kupita kiasi, nayo ni hatari kuliko ile iliyolegea. Waya ulioanza kukatika nyuzi haurekebishwi, hubadilishwa.

Magurudumu

Tairi lililopara halishiki nyasi, hasa zenye umande. Aidha, mashine zinazovutwa na magurudumu ya mbele zina kasoro yake: mfuko wa nyasi ulioko nyuma ukijaa, au mshikaji akikandamiza mpini, mbele huwa kwepesi na magurudumu huzunguka bure. Mpini ukiinuliwa kidogo na mashine ikaondoka, jibu limepatikana bila kutumia hata senti moja: mfuko umwagwe mapema, na mikono isilemee mpini.

Kisha gurudumu lifunguliwe. Ndani yake mna duara la meno, mara nyingi la plastiki, na mwishoni mwa ekseli mna gia ndogo ya chuma. Meno yaliyochongoka kama msumeno, au yaliyolika yakawa ya mviringo, hayashiki tena. Katika hali hiyo ni afadhali gurudumu na gia yake vibadilishwe pamoja, kwani jino kuukuu huharibu jino jipya. Gia ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazifanani. Zikibadilishana nafasi, mashine haitakwenda mbele. Kwa hiyo kila upande uwekewe alama kabla ya kufunguliwa, na vile vipande vidogo vya chuma vilivyo katikati ya gia vitunzwe katika kopo.

Mkanda

Mkanda hufanya kazi kwa mbavu zake, si kwa tumbo lake. Ukilika, huzama mpaka chini ya mfereji wa puli, na hapo huteleza hata ukikazwa namna gani. Mkanda uliong'aa kama kioo, uliopasuka, au uliolowa oili umekwisha muda wake. Kuupaka sabuni au lami ni kujidanganya. Mkanda mpya uwe na namba ile ile ya mashine, kwa kuwa tofauti ndogo ya urefu au upana yatosha kurudisha ugonjwa ule ule. Kabla ya kuufunga, nyasi zilizoshindiliwa kwenye puli zikwanguliwe, na puli ndogo ya kukazia izungushwe kwa mkono kusikiliza kama beringi yake inakwaruza.

Katika mashine nyingi mkanda hautoki mpaka kisu kifunguliwe. Bolti ya kisu hukazwa kwa kipimo maalumu kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Asiye na kitabu wala spana ya kupimia asione haya kumpelekea fundi. Kisu kilicholegea hakisamehe.

Giaboksi mwisho

Giaboksi ihukumiwe baada ya mashahidi wote kusikilizwa. Ikiwa waya huvuta sawasawa, meno ya magurudumu ni mazima, na mkanda huizungusha puli ya giaboksi barabara lakini ekseli imesimama, hapo hapana shaka tena. Giaboksi nyingi za mashine ndogo zimefungwa kiwandani, wala hazikutengenezwa kwa kufunguliwa, hubadilishwa nzima. Ni wakati huo ndipo baba na mama wa nyumba wakae pamoja, walinganishe bei yake na thamani ya mashine yenyewe.

Jambo lisilofaa kufanywa

Baadhi ya watu, waonapo mashine imechoka, hufunga wenzo wa mpini kwa kamba au waya ili usiachie. Hilo ni kosa kubwa. Wenzo uliwekwa ili mashine itii mkono. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1982 inataka kisu cha mashine inayosukumwa kwa miguu kisimame katika muda wa sekunde 3 tangu mkono uachie. Kufunga kamba ni kuziondoa sekunde hizo 3 ambazo huokoa mguu wa mtu aliyeteleza au mtoto aliyekimbilia mpira.

Tena, kuisukuma mashine si aibu. Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi, iliyobuniwa na Edwin Beard Budding huko Uingereza mwaka 1830, ilisukumwa kwa nguvu za mtu. Ikiwa injini na kisu ni vizima na uwanja ni wa tambarare, nyumba yenye shida ya fedha yaweza kuendelea kukata kwa kusukuma mpaka vipuri vipatikane.

Mashine itakayodumu ni ile inayofagiliwa nyasi chini ya bodi kila baada ya kazi, isiyolala mvuani, isiyovutwa nyuma huku wenzo umebanwa, na isiyolazimishwa kukata nyasi ndefu zilizolowa. Mambo hayo manne hayana gharama, nayo huondoa sehemu kubwa ya uchovu wa magurudumu kabla haujaanza.