Watabiri Hawa Wanatuuzia Nini?

Wamezuka mabwana ambao kazi yao, mchana na usiku, ni kututabiria kampuni zipi za tekinolojia zitaneemeka na zipi zitakufa. Huitisha mikutano katika mahoteli makubwa ya Nairobi na Kigali, na vijana wetu huwasikiliza wakiwa na kalamu mkononi. Sisi twauliza: utabiri huo una kweli gani ndani yake, na unamnufaisha nani?

Tuanze huko huko kwao. Oktoba 1997, Bwana Michael Dell, tajiri wa kompyuta wa Marekani, aliulizwa angeifanyia nini kampuni ya Apple, iliyokuwa taabani wakati huo. Akajibu kwamba angeifunga na kuwarudishia wenye hisa fedha zao. Agosti 2018 Apple hiyo hiyo ikawa kampuni ya kwanza ya Marekani kufikia thamani ya dola trilioni moja. Mwaka 2007 Bwana Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, aliicheka simu ya iPhone, akasema haina nafasi yo yote ya kushika sehemu kubwa ya soko. Kisha, mwaka 2014, kampuni yake ikainunua kazi ya simu ya Nokia, hao waliotuletea kitochi, na mwaka uliofuata ikafuta vitabuni dola bilioni 7.6. Hawa si watu wa kupita njia. Ni mabingwa wa kazi yenyewe! Basi ikiwa bingwa haoni yaliyo mlangoni mwake, huyu anayeshuka katika ndege Jumatatu na kutabiri Jumatano ataona nini Kariakoo au Gikomba?

Na kwetu wametabiri kweli kweli. Aprili 2019 hisa za Jumia ziliuzwa New York kwa dola 14.50, na siku ile ile ya kwanza zikapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Tarumbeta zikapigwa: Amazon ya Afrika imezaliwa! Novemba ya mwaka huo huo Jumia ikafunga kazi yake Tanzania. Aliyenunua hisa kwa 14.50 na kuziuza jioni ile alikuwa amekwisha kula na kunawa mikono.

Nairobi ilikuwako kampuni ya chakula iitwayo Kune, iliyoanzishwa na kijana wa Kifaransa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba siku tatu baada ya kufika Kenya aliuliza wapi atapata chakula kizuri cha bei nafuu, akaambiwa haiwezekani. Nairobi hiyo, yenye vibanda vya githeri na chapati kila kona! Wenye mitaji wakaamini, wakatoa dola milioni moja. Juni 2022 jiko likafungwa. Fundi ye yote wa mjengo angaliwaambia bure.

Hadithi ya Copia haichekeshi. Ilianza mwaka 2013 kupeleka bidhaa vijijini Kenya kwa njia ya mawakala, wengi wao wenye maduka madogo. Ilipewa zaidi ya dola milioni 100. Mei 2024 ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa madeni, na wafanyakazi kwa mamia wakapoteza kazi zao. Watabiri je? Wamehamia mkutano mwingine. Mpiga ramli wa mtaani akikosea mara tatu, hakuna anayempelekea tena kuku. Hawa wakikosea hulipiwa tiketi.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Anayetabiri kampuni itaneemeka mara nyingi ana hisa zake ndani, au analipwa na mwenye hisa. Sifa zake hupandisha bei ya alichokishika. Dalali akilisifia shamba, hatusemi ametabiri mvua.

Atatokea wa kutuambia: na M-Pesa je? Tumjibu. Hatusemi mtaji wa kigeni ni sumu. M-Pesa ilianza kwa fedha za Vodafone na za serikali ya Uingereza. Lakini jaribio la mwaka 2005 lilikusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wananchi wakaigeuza wenyewe, wakatumiana fedha wao kwa wao. Kampuni, twaisifu kwa hilo, ikatazama na kufuata, na ilipofungua huduma kwa wote Machi 2007 ilitangaza kutuma fedha nyumbani. Yaliyoamua ni mahitaji ya mama anayengoja shilingi za mwanawe, ambaye hakualikwa hotelini.

Kwa hiyo kijana anayekopa pikipiki ili aibebee kampuni mizigo, na mwenye duka anayetakiwa kutoa mali kwa mkopo, wasiulize kampuni imesifiwa na nani. Waulize: kila mzigo unalipa petroli na mbebaji wake, au tofauti inatoka kwa tajiri wa mbali? Tajiri huyo akifunga mfuko, nani atakuwa anadai, naye atalipwa wa ngapi? Wakinyimwa jibu, wadai fedha taslimu kabla ya mali kutoka dukani.

Nanyi mabwana watabiri, mkutano ujao fungueni kwa kusoma utabiri wenu wa mwaka 2019, kampuni moja moja, mbele ya watu wote. Tutakuja kusikiliza.