NYAYA ZAPITA JUU, GIZA LABAKI CHINI

Ndugu wanachama,

Nimeomba nafasi katika gazeti letu, si kwa habari ya mishahara, ambayo viongozi wetu wanaishughulikia, bali kwa habari ya stima. Najua wako watakaouliza, "Stima na chama vyahusianaje?" Nawaomba msome mpaka mwisho, kisha mwamue.

Mimi ni mtu wa njia. Kazi yangu ni reli na mataruma. Nyumbani ni Samburu, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Usiku tulisoma kwa koroboi, na asubuhi pua zetu zilikuwa nyeusi kwa moshi. Sikulalamika. Niliamini kwamba stima itafika kwetu kwa zamu yake.

Basi zamu ilikuja, ikatupita juu ya vichwa. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit, zimesimamishwa mashine za upepo 365, zenye nguvu ya megawati 310. Ziliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akazifungua rasmi mwezi wa Julai 2019. Nyaya zake zinakwenda zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, na njiani zinapita katika malisho ya Wasamburu. Lakini siku ya sherehe hiyo, mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti yenye upepo huo, haukuwa katika gridi. Ulikuwa ukitegemea mashine za dizeli, na mafuta yake yaliletwa kwa lori.

Na ardhi yenyewe je? Ni kama ekari 150,000. Mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ilitamka kwamba hati zake hazikutolewa kwa kufuata sheria. Basi hata ruhusa wenyeji hawakuombwa ipasavyo.

Wala hii si mara ya kwanza. Bwawa la Turkwel lilianza kutoa stima mwaka 1991, megawati 106. Nyaya zikaelekea Lessos. Mji wa Lodwar, Turkana, ukabaki miaka mingi na ngurumo ya dizeli. Maji yanatoka kwetu, upepo unatoka kwetu, mwanga unawaka kwingine.

Fundi wa stima ataniambia, "Wewe hujui kazi hii. Nyaya zile kubwa hazitobolewi kama bomba la maji. Lazima pawe na stesheni ya kupunguza nguvu." Namjibu: kweli kabisa, ndugu yangu. Hata treni haisimami porini. Ndiyo maana watu hujenga stesheni! Anayetaka treni isimame mahali huiandika katika mpango tangu mwanzo. Asiyeiandika asiseme baadaye kwamba reli ndiyo iliyokataa. Aliyekataa ni mtu, tena alikuwa na kalamu mkononi.

Kalamu hiyo ilianza kuandika zamani. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka Namba 10, juu ya Usoshalisti wa Kiafrika. Ulisema kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na stima tayari. Waraka huo ulitoka katika wizara ya Tom Mboya, aliyekuwa mwenzetu wa vyama vya wafanya kazi. Namheshimu marehemu, lakini neno hili halikuwa la haki. Aliye na stima aongezewe. Asiye nayo angoje. Na asiye nayo atazaa nini gizani?

Watu wa reli tuna jibu letu. Reli hii ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Huko Uingereza waliicheka, wakaiita ya wendawazimu, kwamba inakwenda mahali pasipo mizigo. Je, mizigo ilitangulia au reli ilitangulia? Nairobi haikuwa mji. Reli ndiyo iliyoufanya mji. Basi asituambie mtu kwamba kaskazini watu ni wachache na faida hakuna. Kwanza njia, kisha mizigo.

Tena kuna upendeleo wa waziwazi. Mwaka 2015 bei ya kuunganishiwa stima ilipunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tukashangilia. Lakini mpango ule ulikuwa kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Na nani huamua transfoma isimame wapi? Kwetu, wakati wa kura, nguzo zilishushwa kando ya barabara. Tulipigwa picha nazo. Kura zilipokwisha, lori likaja usiku likazipakia tena. Transfoma moja iliyobaki inaunguruma karibu na boma la mkubwa mmoja. Dispensari iko mbali nayo, na haina taa.

Katika dispensari hiyo dada yangu alijifungua usiku. Muuguzi alishika tochi ya simu kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Mtoto wa dada yangu yu hai, namshukuru Mungu. Mtoto wa mama wa kitanda cha pili hakuishi. Siwezi kuapa kwamba ni giza lililomwua. Lakini muuguzi aliniambia kwa kinywa chake kwamba hakuona vizuri alichokuwa akifanya.

Sasa, yahusu chama kwa nini? Kwa sababu kila tunaponunua stima katika kota zetu, tunatozwa kodi ya stima ya vijijini. Ni jasho letu. Kwa sababu mshahara wetu ndio unaonunua mafuta ya taa nyumbani. Na kwa sababu kijana asiyepata hata cherehani ya stima kwao huja Nairobi, husimama langoni petu, naye mwajiri humwonyesha kidole akituambia, "Mkigoma, wako wengine."

Wako watakaoniita mkabila. Katika gengi letu tuko Mkamba, Mluhya, Mtaita na mimi Msamburu. Taruma likiwa zito tunalinyanyua pamoja, na mmoja akiliachia, linaangukia miguu ya wote.

Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliweka Mfuko wa Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, kwa maji, barabara, hospitali na stima katika sehemu zilizosahauliwa. Stima imetajwa kwa jina! Basi hatuombi sadaka.

Naomba mkutano wetu ujao upitishe maneno haya matatu:

1. Chama kidai orodha ya kila transfoma inayowekwa kwa fedha za umma ibandikwe hadharani, ijulikane imewekwa wapi na kwa nini.

2. Dispensari na shule zitangulie kabla ya boma la mkubwa ye yote.

3. Kila mahali panapotoa stima, pajengewe stesheni ya kuishusha kwa wenyeji kabla nyaya hazijaondoka.

Lazaro alilala mlangoni pa tajiri akingoja makombo. Sisi tumelala chini ya nyaya, na chakula kilichoko mezani kimetoka shambani petu. Tuamke.

Wasalaam,
Ni mimi mwanachama mwenzenu, mtu wa njia.