Yai lisivunjike: kazi ya shule inayomfundisha mtoto kulinda kichwa

Mtoto akirudi nyumbani na kusema mwalimu wa sayansi ameagiza kila mwanafunzi atengeneze chombo cha kudondoshea yai kutoka ghorofani bila kuvunjika, jambo la kwanza linalomjia mzazi ni bei ya mayai. La pili ni kutafuta kitu kigumu: kopo la maziwa, ndoo ya rangi, boksi la mbao.

Hapo ndipo mayai mengi yanapopotelea. Kopo la bati likifika chini linasimama ghafla, lakini yai lililo ndani bado lina mwendo, hivyo linaligonga bati kama ambavyo lingeigonga sakafu. Kopo limebaki zima na yai limepasuka.

Hesabu yake mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata. Yai likidondoka kutoka mita 3, linafika chini likiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Yai la gramu 60 likisimama ndani ya milimita 3 tu, linabanwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 60, zaidi ya mfuko mzima wa saruji. Likipewa sentimita 3 za kusimamia, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 6. Kimo ni kilekile na yai ni lilelile. Kilichobadilika ni nafasi ya kupunguza mwendo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto ni hili: chombo chako kina nini cha kubonyea kabla yai halijasimama?

Mwanza na vitongoji vyake hakukosekani majibu. Mashine za kukoboa mpunga zina pumba, mafundi seremala wana maranda, na Usukumani pamba si kitu cha kutafuta mbali. Trei la karatasi la mayai likikatwa vipande, sponji ya godoro kuukuu na majani makavu ya mgomba navyo vinafaa. Magugu maji yaliyokauka ni mepesi na yana nafasi nyingi za hewa, ila ayalete mtu mzima. Mtoto asitumwe kuyavuna, maana maji ya kandoni mwa ziwa yana kichocho.

Anayetaka parachuti akumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kitambaa cha mwavuli mbovu kinafanya kazi hiyo vizuri.

Yai likae vipi ndani ya chombo? Wengi tumezoea kuamini kwamba yai lina nguvu zaidi likisimama wima. Mwaka 2025, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walijaribu mayai zaidi ya 200 na kukuta kwamba yaliyodondoshwa yakiwa yamelala yalipasuka mara chache kuliko yaliyosimama. Ubavu wa yai hubonyea kidogo zaidi kabla ya kupasuka, na huko kubonyea ndiko kunakoliokoa. Wahandisi wa anga walitumia wazo la aina hiyohiyo Julai 4, 1997, pale chombo cha Pathfinder kilipotua sayari ya Mars kikiwa kimezungukwa na mifuko ya hewa. Kilidunda mara zisizopungua 15, kisha kikatulia kikiwa kizima.

Mzazi asigeuke fundi. Mwache mtoto achague, ajaribu, akosee, kisha aandike kwenye daftari alichobadilisha. Abadilishe kitu kimoja kila mara. Akiongeza pumba na parachuti kwa pamoja, hatajua kipi kilisaidia. Majaribio ya mwanzo yafanyike kwa nyanya iliyoiva ili kuokoa mayai. Zamu ya yai ikifika, lifungwe kwanza kwenye mfuko safi. Likivunjika, likaangwe siku hiyohiyo hadi liive kabisa. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela. Anayedondosha kutoka juu awe mtu mzima, na miamba ya Mwanza isitumike kama ghorofa. Tunataka kuvunja mayai, si miguu.

Yai likishapona, mazungumzo yasiishie hapo. Ndani ya fuvu la mtoto kuna ubongo, kitu laini kilichozungukwa na ganda gumu, na ganda hilo kila asubuhi linapanda bodaboda kwenda shule. Mwendo wa kilomita 28 kwa saa uliolipasua yai ni mwendo ambao bodaboda anaufikia bila hata kuwa na haraka.

Mwaka 2010, madaktari wa Bugando walichapisha utafiti kuhusu majeruhi wa pikipiki jijini Mwanza. Majeraha ya mifupa na viungo pamoja na ya kichwa ndiyo yaliyoongoza. Kwa upande wa kinga, mapitio ya tafiti 61 yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya dereva au abiria wa pikipiki kufa katika ajali kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Tunaiita kofia ngumu, na jina hilo linataja nusu tu ya kazi yake. Gamba gumu la nje linazuia kitu chenye ncha na kusambaza kishindo. Anayefanya kazi ya pumba ni povu jeupe la ndani, linalofanana na lile linalokuja kwenye boksi la televisheni. Linapondeka ili kichwa kisisimame ghafla, na likishapondeka halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali inatakiwa kubadilishwa hata kama gamba lake bado linang'aa. Kofia ya mafundi ujenzi haikutengenezwa kwa ajili ya barabara, na helmeti ya baba juu ya kichwa cha mtoto, mkanda ukining'inia, itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Watoto watatu waliobebwa mishikaki kwenda shule hawana hata sentimita moja ya kubonyea kati ya vichwa vyao na lami.

Baada ya jaribio la yai, mpe mtoto helmeti iliyopo nyumbani aikague kama alivyokagua chombo chake. Je, povu lipo na halijapasuka? Mkanda unafunga chini ya kidevu? Akitikisa kichwa, inabaki mahali pake au inazunguka? Likikosekana jibu zuri hata kwa swali moja, fedha ya trei lingine la mayai ianze kuwekwa kwa ajili ya helmeti ya saizi yake. Na siku ambayo dereva hana helmeti ya mtoto, bora atangulie nyumbani mapema na kwenda shule kwa miguu au kwa daladala.